Mvua ya Ijumaa

Kiti alichofia Theofanis Mavrikos kilikuwa kimesogezwa hadi katikati ya sebule, chini kabisa ya tundu la dari linaloleta upepo wa kupoza nyumba. Hapo hapakuwa mahali pake. Alama za miguu yake minne zilikuwa bado kwenye zulia karibu na dirisha, zimezama kwa uzito wa miaka. Sajini Lorna Tregenza aliziinamia alama zile, akainua macho kwenye tundu la dari, kisha akageukia swichi ukutani. Swichi ilikuwa imezimwa.

"Mtu anabeba kiti, anakiweka chini ya tundu la upepo, halafu upepo wenyewe hauwashi?" aliuliza.

Konstebo Schirmer alikuwa amesimama mlangoni, kofia kwapani, jasho likimtiririka. "Mzee wa miaka themanini na ushee, Sajini. Pengine alisahau."

"Alisahau kubonyeza swichi, lakini nguvu za kubeba kiti kile akazipata. Hebu jaribu kukinyanyua."

Schirmer alijaribu, akakirudisha chini. Kilikuwa kiti cha mbao nzito za zamani.

"Na lile dirisha la nyuma," akaanza tena. "Lilikuwa wazi kiasi cha kiganja. Nimeandika kwamba huenda mtu aliingilia pale."

"Kwenu wapi vile?"

"Mount Gambier."

"Ndiyo maana. Kwenu kuna baridi. Huku Mundarra, kila mwenye kipozaji cha maji huacha dirisha moja wazi kidogo. Kile kisanduku cha juu ya paa kinavuta hewa ya nje, kinaipitisha kwenye sponji zilizolowa maji, kinaisukuma ndani. Hewa ya zamani lazima ipate pa kutokea, la sivyo unajipika kwa mvuke. Ukiona dirisha limeachwa hivyo, ujue mwenye nyumba aliwasha kipozaji chake."

"Lakini kimezimwa."

"Naam," alisema Lorna. "Kimezimwa."

Habari yenyewe, kama ilivyokuwa imeandikwa mpaka Jumamosi ile, ilikuwa fupi. Mzee Fanis, kama alivyoitwa na kila mtu wa mashamba yale ya kando ya mto, alikuwa mjane aliyelima zabibu maisha yake yote. Chumba cha nyuma alikaa Pavlos, mtoto wa marehemu dada yake, aliyekuwa akimtunza. Jumanne walizozana, Pavlos akaondoka na gari. Joto kali likaanguka juu ya bonde zima siku hiyohiyo. Ijumaa asubuhi jirani, Merv Heidrich, alimkuta mzee kitini, akapiga simu polisi. Daktari alisema mzee aliuawa na joto, na kwamba alikata roho Alhamisi kabla jua halijazama. Heidrich alisema alifungua mlango joto likampiga usoni kama la tanuri, kwamba swichi ilikuwa imezimwa, na kwamba hakugusa kitu. Pavlos sasa alikuwa mahabusu mjini. Kila mtu alikwisha kukata kauli.

"Wewe ndiye uliyefika wa kwanza jana," Lorna alimwambia konstebo. "Ulipoingia humu, joto lilikuwaje?"

Schirmer alifikiri. "Haikuwa mbaya. Kusema kweli nilishukuru. Palikuwa na ubaridi."

"Ubaridi."

"Kidogo. Nilidhani ni kwa sababu ya asubuhi."

Nje, mlango wa gari ulifungwa kwa kishindo.

Aliyeingia alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa nguo nyeusi za kazini, uso umevimba kwa kulia. Alikuwa ameendesha gari kutoka Adelaide bila kupumzika mara tu alipopewa habari, na jana kituoni, kabla askari hawajawahi kumzuia, alikuwa amemzaba kibao binamu yake Pavlos mbele ya kila mtu. Huyo alikuwa Despina, mtoto pekee wa marehemu. Mkononi alishika kompyuta bapa kama mtu aliyeshika jiwe la kurusha.

"Mmeniambia mnahitaji ushahidi," alisema. "Nimewaletea."

"Kaa kwanza, mama. Pole sana."

"Sikai. Njoo uone." Alimvuta Lorna hadi jikoni. Ukutani, kando ya kalenda ya kanisa, kilining'inia kioo kidogo chenye tarakimu. "Hiki nilimnunulia mimi. Nje kuna vipimo vya upepo na mvua na joto, na hiki hapa kinapima joto na unyevu wa humu ndani. Vyote vinaonekana kwenye simu yangu kule mjini. Baba hakupenda simu. Ukimpigia anasema mzima, anakata. Kwa hiyo nilikuwa namwangalia kupitia hiki."

Aliweka kompyuta juu ya meza, akaifungua. Mistari ya rangi ilipanda na kushuka kama milima.

"Huu mwekundu ni joto la ndani. Jumatatu, Jumanne, tazama, linacheza nyuzi ishirini na tano, ishirini na sita. Jumatano baada ya saa sita mchana linapanda. Alhamisi linafika arobaini na nne. Arobaini na nne, Sajini! Ndani ya nyumba! Alimzimia mzee, yule mbwa. Aligombana naye, akarudi kimyakimya akamzimia, ili afe."

"Nje Alhamisi ilikuwa ngapi?"

"Hamsini na moja."

"Uwanja wa ndege ulisoma arobaini na tano siku hiyo."

Despina alikunja uso. "Basi uwanja wa ndege ni waongo."

Lorna alitoka uani, akarudi. "Kipimajoto cha nje kimefungwa kwenye bati la banda, upande wa magharibi. Kinaota jua mchana kutwa. Kinapima joto la bati, hakipimi hewa. Usiku, je, kinapatana na cha uwanja wa ndege?"

Despina alitafuta. "Usiku vinalingana."

"Basi kifaa ni kizima, mahali ndipo pabaya. Hiki cha ndani kiko kivulini, mbali na jiko. Hiki nakiamini. Na huu mstari wa kijani?"

"Unyevu wa hewa ya humu ndani. Sijui una kazi gani. Jumatano nao ulianguka, kutoka asilimia sitini mpaka kumi na mbili."

"Ulianguka saa ileile joto lilipopanda?"

"Ileile."

Lorna aliukazia macho mstari ule kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama ule mwekundu.

"Na huu wa chini, wenye vinundu?"

Kwa mara ya kwanza sauti ya Despina ililegea. "Hiyo ni mvua."

"Hapajanyesha tangu kabla ya Krismasi."

"Si mvua ya kweli. Ni nyanya zake. Kila alfajiri baba alifungua maji kwenye nyanya, na kile kinyunyizio kinarusha mpaka kwenye kipimamvua. Mara ya kwanza nilimpigia nikamwambia, baba, kwako kumenyesha. Akacheka mpaka akakohoa. Nilitaka wakihamishe, akakataa. Akasema, kiache, ili ujue nimeamka." Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hata sijanywa chai, naangalia kama kwa baba kumenyesha."

"Alhamisi?"

"Alhamisi hakukunyesha." Alisema hivyo akitazama meza. "Niliona. Nilikuwa na kikao kazini. Nikasema amelala kwa joto, nitampigia baadaye. Sikupiga. Lakini Ijumaa kulinyesha! Angalia, hiki hapa, kinundu kikubwa kuliko vyote. Nikasema, asante Mungu, ameamka. Saa moja baadaye ndipo polisi wakanipigia."

Schirmer na Lorna walitazamana.

"Daktari anasema alifariki Alhamisi," Schirmer alisema polepole.

"Basi ni Pavlos!" Despina aligonga meza. "Si umeona? Alirudi Ijumaa asubuhi kujifanya anamwagilia, ili tudhani baba yuko hai!"

*

Pavlos Kalogridis alikuwa na miaka ishirini na minane, mabega ya mtu wa kubeba makreti na macho ya mtu ambaye hajalala. Kwenye shavu lake bado palionekana wekundu.

"Uligombana na mjomba wako kwa nini?"

"Nilitaka kwenda baharini. Siku chache tu. Na Tahlia, mchumba wangu. Mjomba akasema, wakati wa joto hili zabibu haziachwi. Nikamwambia zabibu ni zako, mimi si mtumwa wako. Nilisema kwa sauti. Heidrich alikuwa uani kwake, alisikia."

"Ulizima kipozaji?"

"Nizime kwa nini? Niliacha kinanguruma. Mimi mwenyewe nilikipandia juu ya paa mwezi wa kumi na moja, nikabadilisha sponji zote."

"Ulirudi lini?"

"Sijarudi. Mmenikamata kulekule Victor Harbor, mmesahau? Nilikuwa kwenye foleni ya samaki."

"Mwenye nyumba ya wageni anasema ulikuwa hapo siku zote," Lorna alikubali. "Anasema pia ulikuwa unalalamika mzee hapokei simu."

"Hapokei kamwe. Anadhani kila anayepiga anauza kitu."

"Tuseme hakuna mtu aliyezima swichi. Kipozaji kingeachaje kupoza?"

Pavlos aliinua kichwa. Lilikuwa swali la kwanza aliloulizwa tangu akamatwe ambalo halikuwa na jina lake ndani. "Mota ikifa. Au maji yakikatika. Maji yakikatika feni inazunguka tu, inakuletea hewa ya jangwani kama ilivyo."

"Maji yake yanatoka wapi?"

"Mtoni. Ya kunywa ni ya tangi, lakini ya kipozaji na ya bustani ni bomba moja, linatokea kwa Heidrich. Babu zao walilichimbia pamoja. Tangu enzi hizo wanagombania presha." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Sajini, ni kweli alikuwa kitini? Kwa sababu yeye hakai sebuleni mchana. Mchana yuko jikoni."

"Alikuwa kitini."

Pavlos aliweka paji la uso juu ya meza, akabaki hivyo.

*

Jumapili Lorna alirudi nyumbani kwa Mavrikos. Despina alikuwa jikoni, akifungua makabati na kuyafunga bila kutoa kitu.

"Nahitaji ile kompyuta yako," Lorna alimwambia. "Na nakuhitaji wewe uitazame."

Walitoka uani. Zaidi ya ua, mashamba ya mizabibu yalinyooka hadi kwenye miti ya mtoni; upande wa Mavrikos majani yalikuwa yamejikunja na kuungua kingo, upande wa Heidrich yalisimama kijani. Nyanya zilikuwa zimeinamisha vichwa. Mita moja kutoka hapo, juu ya nguzo, kilikaa kipimamvua, faneli nyeusi yenye kijiko kidogo ndani kinachojipindua kila kikijaa. Koki ya bustani ilikuwa imefungwa kabisa.

"Schirmer, kuna mtu wetu aliyeigusa koki hii tangu Ijumaa?"

"Hakuna, Sajini. Imepulizwa unga wa alama za vidole jana tu."

Lorna aliifungua. Bomba lilikohoa, kinyunyizio kikaanza kuzunguka, maji yakapiga majani, yakapiga ardhi, yakagonga faneli. Ndani yake kikasikika kijiko, tik, kisha tik.

"Sasa soma."

"Mvua," alisema Despina. "Imeanza."

Lorna alifunga koki. "Kile kinundu cha Ijumaa ni kikubwa kuliko vya siku zote. Kwa nini?"

"Sijui. Maji yalikaa wazi muda mrefu zaidi."

"Baba yako alimwagilia muda gani?"

"Hazizidi dakika kumi. Alikuwa mchoyo wa maji, Mungu amrehemu."

"Basi aliyefunga koki Ijumaa hakuwa amejua kuwa iko wazi. Aliisikia baadaye." Lorna alichuchumaa mbele ya nyanya. "Nakuambia ninavyoona, na wewe unikosoe, kwa sababu kifaa ni chako. Jumatano mchana unyevu wa ndani unaanguka na joto linapanda, kwa wakati mmoja. Wewe ulisema swichi ilizimwa. Mimi nina nyumba kama hii. Ukizima kipozaji, nyumba ya matofali inapata joto taratibu. Inachelewa. Nje ikiwa arobaini na tano, ndani utaona thelathini na sita, thelathini na saba, na usiku haipoi upesi. Sasa tazama mstari wako mwekundu na wa nje."

Despina alitazama. Kidole chake kilifuata mstari kwenye kioo.

"Inafuatana," alisema.

"Jua likipanda, ndani inapanda papo hapo. Usiku hewa ikishuka, ndani inashuka nayo. Kwa nini?"

Despina alijibu taratibu, "Kwa sababu feni ilikuwa inaleta hewa ya nje."

"Feni ilikuwa inazunguka muda wote. Jumatano, Alhamisi, usiku kucha. Hakuna aliyezima swichi. Kilichokosekana ni maji. Sponji zilikauka, na baba yako akabeba kiti akakiweka chini ya tundu, akisubiri ubaridi urudi. Kila dakika feni ilimmwagia joto lilelile la nje. Alfajiri ya Alhamisi alitoka kumwagilia, akafungua koki hii. Haikutoa kitu. Akaiacha wazi, ili maji yakirudi asikie."

Despina alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Sasa Ijumaa. Kabla ya kinundu cha mvua, unyevu wa ndani uko ngapi?"

"Ishirini."

"Na baada yake?"

"Unapanda. Hamsini. Sitini na tano. Na joto linashuka mpaka ishirini na mbili." Alisoma mbele zaidi, akasimama. "Halafu unyevu unaacha kupanda. Hapo... hapo ndipo palipozimwa."

"Maji yalirudi Ijumaa asubuhi. Bustani ikanyeshewa kwa sababu koki ilikuwa wazi. Sponji zikalowa, feni ikapoza nyumba. Ndiyo maana konstebo wangu alihisi ubaridi alipoingia. Kisha mtu akaifunga koki, akaingia ndani, akazima swichi. Haya yote kabla ya simu kupigwa polisi. Baba yako alikuwa ameshafariki tangu jana yake."

"Ile mvua," Despina alisema. "Ile mvua niliyomshukuru Mungu."

Lorna alisimama, akamshika kiwiko. Kunguru walikuwa wakipiga kelele kwenye nyaya za umeme.

"Pavlos alikuwa wapi Ijumaa?" Despina aliuliza hatimaye, ingawa alijua.

"Baharini."

*

Koki kubwa ya bomba la pamoja ilikuwa kwenye mpaka, ndani ya shimo lenye kifuniko cha chuma. Vumbi lilikuwa limelala juu ya kila kitu isipokuwa gurudumu lake. Kwenye kutu yake palikuwa na mikwaruzo mipya, inayong'aa. Lorna aliipiga picha, akapita upande wa pili.

Merv Heidrich alikuwa barazani kwake, amekaa mbele ya chai iliyopoa. Alikuwa mtu mrefu, aliyekonda, mwenye shingo iliyochomwa na jua. Alipomwona Lorna akitembea peke yake kati ya mizabibu, alisimama, kisha akakaa tena.

"Karibu, Sajini. Kijana amekiri?"

"Bado. Bwana Heidrich, uliniambia ulipofungua mlango Ijumaa joto lilikupiga kama tanuri."

"Ndivyo."

"Konstebo alikuta ubaridi."

"Alichelewa kufika. Mlango ulikuwa wazi."

"Nje saa hizo ilikuwa nyuzi thelathini. Ndani ishirini na mbili. Mlango wazi unaingiza joto, hauleti baridi."

Heidrich alisogeza kikombe. "Mambo ya kile kidude cha Fanis. Kinasema mvua inanyesha wakati hakuna wingu. Nani ataamini kitu kama hicho mahakamani?"

"Mimi sijakitaja kifaa hicho," alisema Lorna.

Heidrich alikunywa chai ile iliyopoa.

"Kinasema mvua kwa sababu maji yanakigonga. Hakijui wingu, kinajua maji tu. Ijumaa kiliyapata maji mengi. Nani aliyafungua?"

"Presha huja na kwenda wakati wa joto."

"Nimetoka kwenye shimo la mpakani. Gurudumu limezungushwa juzijuzi. Nikilinganisha alama za vidole za pale, na za koki ya nyanya, na za swichi ya sebuleni, nitakuta mkono mmoja au mitatu?"

Ndani ya nyumba saa ya ukutani iligonga. Heidrich alitazama mizabibu yake, safu baada ya safu, ya kijani, imeshiba.

"Zilikuwa zinaungua," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu mzee sana. "Jumatano mchana. Unaziona zinajikunja mbele ya macho yako. Presha ilikuwa kama mkojo wa mgonjwa. Nikafunga upande wake. Nikasema jioni namfungulia."

"Jioni hukufungua."

"Jioni nililala kitini. Alhamisi nikasema, mchana mmoja tu, niziokoe. Ana maji ya tangi, nikasema. Hatakufa kiu. Kipozaji sikukifikiria. Naapa kwa kaburi la mke wangu, sikukifikiria."

"Hakukupigia simu?"

Heidrich alisukuma kikombe kando.

"Alipiga," alisema. "Alhamisi. Simu ililia, ikalia. Nilijua ni yeye, na nilijua anataka kunitukana kwa ajili ya maji, kama alivyonitukana miaka arobaini. Nikamwambia mbwa wangu, mwache huyo Mgiriki apige kelele. Nikaacha ilie." Akageuza uso kuelekea mpakani. "Alikuwa rafiki yangu, unajua. Tulikuwa tukitukanana, lakini alikuwa rafiki yangu. Mke wangu alipofariki, yeye ndiye aliyeniletea chakula kila siku mpaka nikachoka na mbilingani."

"Na Ijumaa?"

"Nilikwenda kumwambia nimemfungulia. Nilifungua kwanza, nikaenda. Nilimkuta pale. Feni inazunguka, ubaridi umeanza kushuka juu ya kichwa chake, na yeye... Niliketi naye chini. Baadaye nikasikia kinyunyizio huko nje. Ndipo woga ukaniingia. Nikafunga koki. Nikazima swichi."

"Ukamtaja Pavlos."

"Sikusema ni yeye. Nilisema niliwasikia wakigombana. Ilikuwa kweli."

"Ilikuwa kweli, na ulijua inampeleka wapi." Lorna alisimama. "Ulichofanya Jumatano na Alhamisi, mahakama itakitafutia jina. Ulichofanya Ijumaa mimi nalijua jina lake. Vaa viatu, Bwana Heidrich. Tunakwenda mjini."

Alivaa taratibu. Alipofika ngazini aligeuka. "Mbwa," alisema. "Nani atamlisha mbwa?"

"Konstebo atamchukua."

*

Pavlos aliachiliwa Jumapili hiyo hiyo, jua likiwa limeanza kulegea. Alitoka kwa mlango wa pembeni wa kituo na mfuko wa plastiki wenye mkanda wake na kamba za viatu. Despina alikuwa ameegemea gari lake, upande wa pili wa uwanja. Lorna alikuwa amemwambia yote kwa simu, na sasa alisimama mlangoni, tayari kuingilia kati ikibidi.

Binamu wale walitazamana kwa mbali. Pavlos ndiye aliyeanza kutembea. Alisimama hatua chache mbele yake, kana kwamba anaogopa mkono.

"Umeambiwa?" Despina aliuliza.

"Nimeambiwa."

"Nilikupiga."

"Nilimwacha, Despina. Hilo hawajalifuta. Ningekuwepo ningepanda juu ya paa nione sponji zimekauka. Ningekwenda kwa Heidrich nimpige ngumi. Ningekuwepo asingekufa."

"Nami niliona Alhamisi hakukunyesha," alisema Despina. "Niliona kwa macho yangu, nikaenda kwenye kikao."

Hakuna aliyemwambia mwenzake si kosa lako. Pavlos alichezea mfuko wake wa plastiki. Basi la shule lisilo na watoto lilipita barabarani.

"Padri anataka nguo," Despina alisema. "Ya kumzikia. Nimefungua kabati, kuna suti mbili, sijui alipenda ipi. Mwanawe wa kumzaa, na sijui."

"Hakupenda hata moja. Zote zinamkaba shingo. Alisema ile ya bluu alivishwa na adui." Midomo ya Pavlos ilicheza, kisha uso wote ukavunjika. "Shati jeupe. Lile la kwenda kwenye mavuno ya kanisa. Mikono anaikunja mpaka hapa. Mvishe hilo, bila tai."

"Bila tai," Despina alirudia.

Alizunguka gari, akafungua mlango wa abiria, akaondoa kwenye kiti viatu vyake na chupa za maji tupu za safari ndefu ile. Kisha akasimama kando, akaushika mlango wazi.

"Twende ukanionyeshe liko wapi," alisema.

Pavlos aliingia. Lorna alingoja mpaka gari likate kona kuelekea mtoni, ndipo akarudi ndani kuandika maelezo ya Heidrich, aliyekuwa ameomba maji ya kunywa na bado hajayagusa.